Lori la Debe

Mpangaji wangu ni kijana wa idara ya mifugo, mwenyeji wa Singida, anakaa chumba cha uani hapa kwangu Same. Akirudi kazini jioni haendi popote. Anasogeza meza dirishani, anafungua boksi lenye vipande vya gari la plastiki, vingine vidogo kama ukucha, anavikata, anavisugua, anavibandika kwa gundi, kisha anavipaka rangi kwa brashi nyembamba. Anasema kazi ile inampumzisha akili baada ya kushinda na ng'ombe na wenye ng'ombe. Wiki mbili zilizopita nilimpelekea bakuli la makande, na nilipofika mlangoni harufu ya rangi mbichi ikanipiga usoni. Nikasimama palepale na bakuli mkononi.

"Shikamoo bibi. Karibu ukae."

"Marahaba, baba. Naona rangi inakuchuruzika."

Alikuwa anapaka mlango wa gari, na kweli rangi ilikuwa inateremka kama uji. Nikamwambia ainyang'anye brashi rangi kwanza, aifutie kwenye mdomo wa kopo, halafu avute upande mmoja tu, asirudi nyuma. Akanitazama, akanipa brashi. Nikaupaka mlango ule mpaka ukaisha. Mkono wangu huu, unaomwaga chai siku hizi, haukutetemeka hata kidogo.

"Bibi, haya umejifunzia wapi?"

Nikamwambia Mhezi, mlimani. Akacheka, akadhani namtania, nami nikamwacha acheke. Alikuwa na gari lake la kumaliza. Lakini wewe umekaa, na chai yako bado ya moto, basi nitakusimulia.

Nilizaliwa Mhezi enzi za Mwingereza, chini ya mlima Shengena, mahali ambapo ukungu unaingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Baba yangu alikuwa utingo wa lori. Lori lile lilishusha kahawa mpaka stesheni ya Same na kupandisha chumvi, sukari, mafuta ya taa na saruji. Nilipokuwa na miaka mitano likaanguka kwenye kona kali chini ya kijiji, baba akafa. Dereva alipona, ila mguu mmoja ulipinda na mkono wa kulia ukasagika, vidole vitatu havikufunguka tena.

Mama alikaa matanga, akakaa miezi kadhaa zaidi, kisha ndugu zake wakaja kumchukua. Alikuwa mtu wa Ugweno, na huko Ugweno akaolewa tena. Mimi nikabaki, maana nilikuwa mtoto wa ukoo wa baba. Nikabaki na bibi, mama yake baba, katika nyumba ya udongo yenye dari jeusi kwa moshi. Bibi alikuwa mwanamke wa kazi. Alfajiri tulichota maji, tukakata majani ya mbuzi, tukapalilia kahawa na magimbi. Alinilisha vizuri na aliniogesha kwa maji ya moto. Lakini jina la baba halikutamkwa katika nyumba ile. Nikiuliza, bibi angechochea moto hata kama ulikuwa unawaka vizuri.

Sababu nilikuja kuijua shuleni. Siku moja, chini ya picha ya malkia kijana wa Uingereza, tulikuwa tunagombania nafasi kwenye benchi, na msichana mmoja akanisukuma akisema, "Kakae kule, mtoto wa mlevi." Ndivyo kijiji kizima kilivyojua: utingo alikuwa amelewa pombe ya dengelua, akateleza, akajiingiza mwenyewe chini ya gurudumu na kumwangusha dereva wa watu. Tangu siku ile nilikaa benchi la nyuma. Hakuna aliyenifukuza, ila mtu hujua mahali asipotakiwa. Wakati wa mapumziko wenzangu walipocheza rede, mimi nilikwenda kusimama karibu na mfereji wa maji na kujifanya nina kiu.

Dereva aliishi ng'ambo ya mfereji huo, peke yake. Wote walimwita hivyo tu, Dereva, ingawa hakuwa na cha kuendesha. Aliishi kwa kuziba sufuria zilizotoboka na kutengeneza vibatari vya makopo. Bibi hakumsalimia. Alikuwa tayari kuazima moto nyumba ya mbali kuliko kupita uani kwake. Mimi nilikatazwa kabisa.

Nilikuwa na miaka tisa niliposhindwa kukatazika. Nilikuwa natoka shule peke yangu kama kawaida, mvua ndogo inanyunyiza, nikasikia nyundo inagonga bati taratibu. Nikachungulia. Kwenye ubao chini ya mchirizi yalikuwa yamepangwa magari, saba au manane, ya bati na mbao, kila moja urefu wa mkono wangu. Hayakuwa magari ya watoto. Sisi tulijua magari ya mabua ya mahindi na magurudumu ya viazi. Haya yalikuwa na milango yenye bawaba, usukani, taa, bodi yenye mbao zilizohesabika. Moja lilikuwa la jeshi, lenye rangi ya majani makavu. Jingine gari la wagonjwa, jingine la mafuta. Yalikuwa magari aliyowahi kuyaendesha maishani mwake, tangu vitani.

"Shikamoo," nikasema.

Akageuka. Alinijua mara moja, niliona.

"Marahaba."

"Lori la baba yangu ni lipi hapo?"

Akaweka nyundo chini.

"Hilo sijalitengeneza."

"Utalitengeneza lini?"

Akanionyesha mkono wake wa kulia, ule uliokunjamana. "Haya nilitengeneza kwa mkono mmoja na meno. Lile lina vitu vingi vidogo. Siliwezi."

Nikamwonyesha yangu. "Mimi ninayo miwili."

Ndivyo ilivyoanza. Kila siku baada ya shule nilikwenda kwake, na nyumbani nilisema mwalimu ametubakiza. Alinifundisha kwa kipimo alichojifunza katika karakana ya jeshi: futi moja ya lori iwe inchi moja ya bati. Tulitumia rula ya shule niliyoiba kwa saa chache na kuirudisha. Lori la kweli hakuwa nalo mbele yake, lakini mwili wake ulilikumbuka. Alikaa kwenye kigoda, akafumba macho, akakanyaga klachi isiyokuwepo, akagusa kifuani na kusema, "Usukani ulifika hapa. Pima." Nami nilipima kutoka kifua chake mpaka mkono wake, nikaandika kwa mkaa ukutani.

Bati lilitoka kwenye madebe ya mafuta ya taa. Nililikata kwa mkasi wake mzito mpaka vidole vikaota malengelenge. Mbao zilikuwa za masanduku ya chai, tukazilainisha kwa majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Magurudumu tuliyakata kwenye katambuga zilizochakaa, na hivyo hata matairi yetu madogo yalikuwa mpira wa matairi. Taa zilikuwa vizibo vya chupa. Alipasha chuma motoni, nikamshikia vipande, akalehemu kwa mkono wa kushoto, moshi ukituingia puani na wote wawili tukikohoa.

Hatukuzungumza sana. Nilikuwa sijawahi kukaa na mtu mzima asiyenituma kitu. Nilikata, nikasugua, nikasikia mvua kwenye mchirizi, na zile saa mbili mabega yangu yalishuka. Mara nyingine, bila kuulizwa, alitoa neno moja kuhusu baba, kama mtu anayetoa punje mfukoni. Kwamba alikula amesimama. Kwamba alipenda muwa mwekundu na alitema makapi mbali kuliko mtu yeyote. Kwamba nyuma ya kibini, kile chumba cha dereva, alipigilia msumari wake binafsi wa kutundikia koti, na ole wake atakayetundika kitu kingine. Nikapigilia msumari huo. Nilikwenda navyo nyumbani, vikanikaa kichwani usiku mzima, msumari na koti, maana sasa baba yangu alikuwa na kitu.

Ilipofika rangi, lori lile lilikuwa la buluu, na buluu haikuwepo. Tulikuwa na nyekundu iliyobaki walipopaka bati la zahanati na masizi kwa ajili ya nyeusi. Nikakumbuka madirisha ya shule, yaliyopakwa buluu. Nikamwendea mwalimu, mtu mkali ambaye hata wazazi walimwogopa.

"Rangi ya nini?"

"Ya lori la baba yangu, mwalimu."

Alinitazama juu ya miwani. Akaingia stoo, akatoka na kopo la jamu lenye mabaki ya buluu yaliyoganda utando juu, akanipa. "Toboa utando kwa kijiti, usiukoroge," alisema, na hakuuliza zaidi.

Tulitengeneza brashi kwa nywele za mkia wa ndama. Dereva aliniambia yale niliyomwambia mpangaji wangu: inyang'anye brashi rangi, vuta upande mmoja, usirudi. Nilipaka siku tatu. Kila tabaka lilipokauka, nililisugua kidogo na kupaka jingine, mpaka bati la debe likasahau kuwa debe. Sijapata kuwa na furaha ya utulivu kama ile, na nimezaa watoto wanne.

Sasa likabaki jambo dogo tu. Nilikuwa nimewaona matingo wa malori mengine. Kazi yao kubwa mlimani ilikuwa kabari. Lori linaposhindwa kumaliza kona kwa mara moja, linasimama, utingo anaruka na kabari ya mti, anaisukumia nyuma ya gurudumu lisirudi, dereva anajipanga upya. Nikaona lori letu halina kabari. Nikachonga moja nyumbani kwa kisu cha bibi, ndogo kama punje ya hindi, nikaenda nayo nimeificha kiganjani ili nimshangaze. Nikaiweka nyuma ya gurudumu la kulia.

"Tazama. Baba ameshaiweka."

Dereva alitazama. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyeitwa na polisi. Akaiokota, akanirudishia.

"Nenda nyumbani."

"Nimekosea kipimo?"

"Nenda nyumbani, mwanangu. Usije kesho."

Sikwenda kesho, nikaenda kesho kutwa, mlango umefungwa. Siku ya tatu umefungwa. Nilijua yumo, niliona moshi. Nikabisha, nikaita, nikasema nitaitupa ile kabari, mlango haukufunguka. Nilirudi nyumbani nalia kwa namna ambayo sikuweza kuificha, na bibi alipokuwa anafua gauni langu akakuta mfukoni kile kijiti kilichochongwa.

"Hiki ni nini?"

Nikamwambia yote. Lori, buluu, msumari, miezi mitatu ya uongo. Nilingoja fimbo. Bibi alifuta mikono yake, akajifunga khanga upya, akanishika mkono, tukavuka mfereji katikati ya mchana, watu wakituona.

Hakubisha. Alisukuma mlango. Dereva alikuwa ameketi, lori la buluu mbele yake mezani. Akajaribu kuinuka, mguu ukakataa.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia. Alilitazama lori lile. Akanyoosha kidole, akagusa msumari nyuma ya kibini. Sijui alijuaje kuwa ni wa nani.

"Kwa nini umemfukuza mtoto?" akauliza.

Dereva aliangalia kiganja cha bibi, kabari ilikuwa humo. Akaanza kuzungumza bila kutuangalia. Alisema asubuhi ya siku ile, kule Same, baba alimwambia kabari imepasuka, wachonge nyingine kabla ya kupanda. Yeye akasema watachonga wakifika, alikuwa na haraka, mvua ilikuwa inakuja. Wakapanda na shehena ya saruji. Kwenye kona ile lori likakwama, baba akaruka, akaiweka kabari, na akaishikilia kwa mkono maana aliijua hali yake. Ikagawanyika vipande viwili. Lori likarudi nyuma.

Bibi alisimama wima kabisa.

"Watu walisema alikuwa amelewa."

"Hakuwa amelewa, mama. Hakuwahi kunywa katika lori langu."

"Najua hakuwa mnywaji! Nimemzaa mimi! Nakuuliza wewe, nani aliyesema alikuwa amelewa?"

"Nilikuwa nimelazwa hospitali. Askari akaja kuniandika maelezo. Akasema, tunasikia utingo wako alikuwa amelewa. Nikanyamaza. Akaandika."

Mvua ikaanza juu ya bati. Nakumbuka nilihesabu magurudumu ya lori, sita, nikarudia kuhesabu.

"Miaka minne," bibi akasema. "Nimeingia kanisani miaka minne nikikaa karibu na mlango. Huyu mtoto anaitwa mtoto wa mlevi. Na wewe umekaa hapa unagonga mabati."

"Ndiyo, mama."

"Jumapili utasimama useme."

Hakujitetea. Jumapili ile, baada ya matangazo, mzee wa kanisa akamruhusu, na Dereva akaenda mbele kwa fimbo yake. Aliyasema yote, taratibu, mpaka lile la askari. Kanisa lilikuwa limejaa, na mtu angeweza kusikia mbuzi waliofungwa nje. Akamaliza. Akateremka katikati ya mabenchi kuelekea mlangoni, na alipofika usawa wetu akapunguza mwendo na kunitazama. Alikuwa ananitafuta mimi, si bibi. Nilitaka kumwita baba mdogo. Neno hilo nilikuwa nimelitayarisha tangu siku ya msumari, sikuwahi kulitumia. Lakini watu wote walikuwa wanatutazama, wasichana wa darasani kwangu walikuwa benchi la mbele yangu wamegeuza shingo, na kwa mara ya kwanza walikuwa wananitazama kwa huruma. Nikainamisha macho, nikaangalia miguu yangu mpaka fimbo yake ikasikika nje.

Baada ya hapo bibi alikaa mbele kanisani. Shuleni nilipewa nafasi kwenye benchi na kamba ya kuruka. Kwa Dereva hakuna tena aliyepeleka sufuria wala kununua kibatari. Kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, walimpangia sehemu ya peke yake, mbali. Mimi sikwenda. Bibi hakunikataza safari hii, nami sikwenda. Siku moja tuliamka tukakuta lori la buluu kizingitini, limefunikwa jani la mgomba lisilowane. Mlango wa Dereva ulikuwa wazi, ubao chini ya mchirizi mtupu. Alikuwa ameshuka kwa miguu, na mguu ule, na magari yake mengine sijui aliyabebaje.

Bibi aliliweka lori darini, juu ya moshi. Hakuniruhusu kulichezea, na kusema kweli sikutaka. Mara mbili tatu nilimkuta amepanda kigoda, ameshika ule msumari kwa vidole viwili. Tulianza kumtaja baba. Nilikwenda shule ya kati, kisha chuo cha ualimu, bendera ikabadilishwa nikiwa huko. Bibi alifariki muhula wa kwanza wa kazi yangu. Baba zangu wadogo wakaibomoa nyumba ili wajenge ya tofali, na vitu vya darini vikatupwa pamoja na madebe yaliyooza. Niliuliza mwaka mmoja baadaye. "Lori gani?" wakaniuliza, wakanishangaa. Bati lililolika kutu, kwao lilikuwa bati.

Nilipohamishiwa Same nilimtafuta Dereva. Wengine waliniambia alikuwa Makanya akishona viatu, wengine kwamba alichukuliwa na dada yake huko Gonja. Kila nilipofika nilikuta amehama au hajawahi kuwepo. Niliacha kuuliza nilipofika umri ambao, nikipiga hesabu, haikuwezekana tena awe hai.

Mwaka jana nilipanda Mhezi kwenye msiba. Kona ile imepanuliwa, bodaboda zinaipita zimebeba watu watatu. Mfereji umezibwa sehemu kubwa. Kwa Dereva pana shamba la tangawizi. Nilikaa na wazee wa pale, walioitwa wazee, nikaona wote ni wadogo kwangu. Nikawauliza kama wanamkumbuka utingo aliyekufa kwenye kona. Mmoja alijaribu kwa heshima, akasema labda aliwahi kusikia.

Si mlevi, si mtu mwema. Hawamjui kabisa. Lile jina ambalo bibi alilipigania, ambalo mtu mmoja alilisafisha kwa kupoteza kila kitu alichobakiwa nacho, halina tena wa kulichafua wala wa kuliheshimu. Niliwaambia, "Alikuwa baba yangu. Hakuwa amelewa." Wakaitikia vizuri, kama watu wanavyomwitikia bibi kizee msibani, kisha wakageukia mazungumzo yao.